Ni Nani Aliyekitengeneza Kiti Hiki?
Mazungumzo juu ya viti vya kale vya majumba makubwa ya Uingereza, na jinsi mafundi wake wanavyotambulikana

Mazungumzo yetu safari hii yahusu viti. Pengine msomaji atacheka na kusema, "Kiti ni kiti, mtu hukikalia, na kikivunjika hutiwa jikoni kikawa kuni." Lakini huko Uingereza, katika majumba makubwa ya mashambani, mna viti vilivyotengenezwa zaidi ya miaka 250 iliyopita, na watu wenye elimu huvizunguka, huvipindua miguu juu, huvitazama kwa taa na kioo cha kukuzia, wakiulizana swali moja: ni fundi gani aliyekitengeneza kiti hiki?

Jibu la swali hilo laweza kukipandisha kiti thamani maradufu siku ya mnada. Laweza pia kumpa marehemu mmoja sifa asiyoistahili, na kumnyima marehemu mwingine haki yake. Basi si swali la mchezo. Tena njia ya kulijibu yatufaa sisi sote, hata tusiokuwa na kiti cha namna hiyo, maana ni njia ile ile ya hakimu mwema barazani: hamwamini shahidi mmoja, hata akiwa na uso mzuri, mpaka amesikia wengine.

Majumba yenyewe

Katika karne ya 18 wakubwa wa Uingereza walijenga majumba ya fahari katika mashamba yao. Fedha zao zilitoka katika kodi za ardhi, katika biashara na katika benki. Nyingine zilitoka katika mashamba ya miwa ya visiwa vya West Indies, yaliyolimwa na watumwa waliochukuliwa Afrika. Jumba la Harewood katika jimbo la Yorkshire, lililoanza kujengwa mwaka 1759, lilikuwa la Edwin Lascelles, na utajiri wa jamaa zake ulitoka huko kwenye sukari na utumwa. Jumba la Osterley, karibu na London, lilikuwa la jamaa ya Child, wenye benki.

Nyumba ya namna hiyo ilitaka viti vya kila aina: vya chumba cha kulia, vya maktaba, vya sebule ya wageni, na viti vya mbao tupu vya ukumbi wa mlangoni. Zamani viti vizuri vilikuwa vya mti wa jozi. Lakini mwaka 1721 serikali ya Uingereza iliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika, na toka hapo mahogani ya Jamaika, na baadaye ya kwingine huko, iliingia kwa wingi. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkangazi wetu. Ni mgumu, haupasuki ovyo, na wakubali patasi vizuri hata fundi aweza kuuchonga majani na tepe kama za nguo. Ndio uliowapa mafundi wa wakati ule nafasi ya kuonyesha ustadi wao.

Sababu ya viti kukosa majina

Huko Paris chama cha maseremala kilikuwa na sheria. Kwa kanuni za mwaka 1743 kila fundi mkuu alipaswa kupiga chapa ya jina lake juu ya kazi yake. Kwa hiyo mtu akipindua kiti cha Kifaransa cha wakati ule, aghalabu huliona jina limepigwa katika mti.

London haikuwa na sheria ya namna hiyo. Wachache walibandika kipande cha karatasi chenye jina lao. Giles Grendey, aliyekuwa na karakana Clerkenwell, alibandika karatasi zake juu ya baadhi ya viti vyekundu alivyovipeleka Hispania, katika shehena ya vyombo zaidi ya 70, na karatasi hizo ndizo zilizowaonyesha watu baadaye kwamba ni kazi yake. Jamaa ya Gillow wa mji wa Lancaster, ambao biashara yao ilianza karibu na mwaka 1730, walianza kupiga chapa ya jina lao mwishoni mwa karne ile. Lakini wengi hawakuandika neno. Tena karatasi iliyobandikwa kwa gundi hubanduka, huliwa na wadudu, au huondolewa na fundi wa kurekebisha. Na karatasi ya kweli yaweza kubanduliwa katika kiti kibovu ikabandikwa katika kiti kingine. Kwa hiyo kukosa jina si dalili ya jambo lo lote, na kuwa na jina si mwisho wa habari.

Mtego wa jina kubwa

Katika mafundi wote wa Uingereza, jina linalojulikana kuliko yote ni la Thomas Chippendale. Alibatizwa katika mji mdogo wa Otley, Yorkshire, mwaka 1718, naye alikuwa mtoto wa seremala. Alikwenda London, akafungua karakana katika njia iitwayo St Martin's Lane, akafa mwaka 1779. Yeye hakuzoea kutia alama juu ya kazi yake. Ilikuwaje basi jina lake likaenea hivyo?

Lilienea kwa sababu ya kitabu. Mwaka 1754 alichapisha kitabu kikubwa cha picha za vyombo vya nyumba, chenye sahani 160 za michoro, na viti vingi vya kila namna. Kilichapishwa mara ya pili mwaka 1755, na mara ya tatu mwaka 1762 kikiwa na sahani 200. Waliokinunua kabla ya kuchapwa walizidi 300, na majina yao yalitiwa mbele ya kitabu. Wengi wao hawakuwa mabwana wenye majumba. Walikuwa maseremala na wachongaji, yaani mafundi wenzake, nao walinunua ili waige.

Hapo ndipo penye mtego. Kiti kinachofanana na picha ya kitabu cha Chippendale kimeweza kutengenezwa na Chippendale mwenyewe. Kimeweza pia kutengenezwa na seremala wa mji wa mbali aliyekuwa na kitabu hicho mezani pake, au na fundi wa karne ya 19, wakati mtindo huo uliporudi kupendwa. Wafanya biashara wa baadaye walizoea kuita kila kiti cha mahogani chenye nakshi za namna ile "Chippendale," na jina la mtu likawa jina la mtindo.

Habari ya George Hepplewhite yatufunza zaidi. Alikufa mwaka 1786, na mwaka 1788 mjane wake, Alice, alichapisha kitabu cha michoro kwa jina la mumewe. Viti vyenye mgongo wa umbo la ngao huitwa kwa jina lake mpaka leo. Hata hivyo hakuna kiti hata kimoja kinachojulikana kwa hakika kuwa kimetoka mkononi mwake. Dunia nzima yalitaja jina lake, na kazi yake mwenyewe haionekani.

Shahidi wa kwanza: karatasi ya malipo

Ikiwa picha haitoshi, tumwite shahidi gani? Shahidi mwenye nguvu kuliko wote ni karatasi: hati ya hesabu aliyoiandika fundi ili alipwe, barua zake, na daftari ya msimamizi wa shamba.

Tutwae jumba la Nostell katika Yorkshire. Mwenye jumba hilo, Sir Rowland Winn, alianza kumpa Chippendale kazi mwaka 1766, na barua zao zimehifadhiwa. Bwana alalamika kwamba vyombo vimechelewa. Fundi alalamika kwamba hajalipwa, na kwamba ana haja kubwa ya fedha. Katika hesabu ya mwaka 1768 fundi aliandika viti 6 vya mahogani vyenye mikono, kwa ajili ya maktaba, vyenye nakshi nyingi za mtindo wa kale, na vikalio vilivyofunikwa kitambaa cha kijani cha singa. Bei yake yote ilikuwa pauni 36, yaani pauni 6 kila kiti. Viti hivyo vingalipo, na migongo yake imechongwa umbo la kinubi. Hapo karatasi, chumba na kiti vyapatana, wala hapana haja ya kubishana.

Mfano wa pili ni wa Sir Lawrence Dundas. Mwaka 1765 Chippendale alimwandikia hesabu ya viti 8 vikubwa vya mikono, vilivyochongwa kwa fahari na kupakwa dhahabu, kwa pauni 160, yaani pauni 20 kila kimoja. Na makochi 4 ya kufanana navyo kwa pauni 216. Hesabu yenyewe yasema kwamba kitambaa cha kufunikia kilikuwa cha Sir Lawrence mwenyewe. Katika nyumba ya makumbusho ya Sir John Soane, London, umehifadhiwa mchoro wa kochi hilo, uliochorwa na Robert Adam, bingwa wa majengo, mwaka 1764. Ukiuweka mchoro kando ya hesabu waona jambo ambalo kiti peke yake kisingaliweza kusema: aliyewaza umbo lake ni mtu mmoja, na aliyekitengeneza ni mwingine. Basi mtu akiuliza, "Kiti hiki ni cha nani?" yampasa kwanza aeleze kama ataka jina la mwenye wazo au la mwenye patasi.

Lakini karatasi nayo ina udhaifu wake. Hesabu ikisema tu "viti 12 vya mahogani," maneno hayo yatafaa viti vya nyumba elfu. Tena yawezekana kwamba viti vilivyotajwa viliuzwa zamani, na vilivyomo leo viliingia kwa urithi au kwa mnada. Kwa hiyo shahidi wa pili lazima aitwe.

Shahidi wa pili: nyumba

Wakubwa wale, bwana alipokufa, mara nyingi waliandikisha orodha ya vyombo vyote, chumba baada ya chumba. Osterley ina orodha ya mwaka 1782, na Harewood ina ya mwaka 1795. Orodha haimtaji fundi, lakini husema kiti kilikuwa wapi, kilikuwa na wenzake wangapi, na kitambaa chake kilikuwa cha rangi gani. Mtu akiweza kukifuata kiti toka hesabu ya fundi mpaka orodha ya kwanza, na toka orodha hiyo mpaka ya baadaye, amepata mlolongo usiokatika.

Ndiyo sababu kiti kinachotolewa katika nyumba yake na kuuzwa mbali hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake. Hili lilionekana waziwazi mwaka 2007 huko Skotlandi. Jumba la Dumfries House lilikuwa na vyombo vilivyoletwa na Chippendale toka mwaka 1759, pamoja na hati zake za hesabu, navyo vilikuwa vimekaa katika jumba lile lile muda wote huo. Vilikuwa tayari kupigwa mnada, kila kipande kiende njia yake. Watu na vyama vilichanga pauni milioni 45, wakanunua jumba, vyombo na ardhi kwa pamoja. Wengine walishangaa fedha nyingi hivyo. Lakini walionunua walijua kwamba viti, hati na vyumba vikitengana, kila kimoja chabaki bubu.

Shahidi wa tatu: kiti chenyewe

Sasa tukipindue kiti miguu juu. Mbele ya kiti fundi alionyesha uzuri wake. Chini ya kikalio alifanya kazi bila ya kufikiri kwamba mtu atatazama, na huko ndiko ukweli unakokaa.

Kwanza huangaliwa mti. Mahogani ilikuwa ghali, kwa hiyo sehemu zilizofichwa na kitambaa zilitengenezwa kwa mbao rahisi, hasa ule mti mweupe wa Ulaya uitwao biichi. Kisha huangaliwa alama za zana. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyoka. Msumeno wa duara, ulioenea katika karne ya 19, huacha mistari iliyopinda. Skrubu za karne ya 18 zilikatwa kwa tupa, na ncha zake ni butu. Zenye ncha kali ni za mashine, nazo zilienea katikati ya karne ya 19. Ukiona alama za msumeno wa duara katika mbao zote za kiti kinachosemekana ni cha mwaka 1760, jua kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Huangaliwa pia namba. Viti vya seti moja vilipigwa kwa patasi tarakimu za Kirumi, I, II, III na kuendelea, katika fremu ya kiti na katika kikalio chake cha kuondoa, ili kila kikalio kirudi mahali pake. Kiti chenye namba XIV chatuambia kwamba palikuwa na wenzake wasiopungua 13. Pengine huonekana herufi moja au mbili zilizopigwa chapa. Hizo aghalabu si za mwenye karakana. Ni za fundi wa ujira aliyetaka kazi yake ihesabiwe.

Mwisho huangaliwa desturi za karakana. Katika viti vilivyothibitishwa kwa hati kuwa vya Chippendale, mara nyingi huonekana vijino vilivyokatwa upande wa ndani wa fremu ili jiliwa lishike wakati gundi ikikauka, na matundu ya skrubu yaliyotumika kukikaza kiti katika sanduku la safari, kisije kikaumia njiani. Mtu akiona dalili kama hizo katika kiti kisicho na hati, hupata tumaini. Lakini lazima ajizuie. Mafundi walihama karakana hii wakaenda ile, na kila mmoja alikwenda na mazoea yake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kila mkulima ajua kwamba mawingu hupita mara nyingi bila ya kunyesha.

Kupima maneno

Baada ya kuwasikiliza mashahidi, hakimu hutoa hukumu, na hapa uaminifu wa mtu huonekana katika maneno anayoyachagua. Hati, nyumba na kiti vikikubaliana, husemwa, "Kimetengenezwa na fulani." Hati ikikosekana, lakini mti, zana na nakshi vyafanana sana na kazi iliyothibitishwa, husemwa, "Hudhaniwa kuwa ni cha fulani." Ikiwa umbo tu ndilo linalofanana, husemwa, "Ni cha mtindo wa fulani."

Tumekwisha kuona viti vya kinubi vya Nostell. Katika jumba la Osterley pia mna viti vya mahogani vyenye mgongo wa kinubi, vya miaka ile ile. Mgeni akiviona pengine atasema mara moja kwamba ni vya Chippendale. Lakini wastadi huvidhani kuwa ni vya John Linnell, aliyezaliwa mwaka 1729 na kufa mwaka 1796, ambaye yeye na baba yake William walikuwa na karakana kubwa huko Berkeley Square, London. Umbo la kinubi halikuwa mali ya mtu mmoja. Lilikuwa ni wazo la wakati ule, nao walilishindania kama waimbaji wanavyoshindania wimbo mmoja, kila mmoja kwa sauti yake. Tena angalia: vya Nostell husemwa ni vya Chippendale bila ya wasiwasi, vya Osterley "hudhaniwa" kuwa vya Linnell. Neno hilo moja dogo likifutwa na muuzaji mwenye haraka, dhana huwa imegeuzwa kuwa uwongo.

Wale wasiotajwa

Limebaki jambo moja. Tunaposema "Chippendale alitengeneza kiti hiki," twasema neno fupi kwa habari ndefu. Mwaka 1755 moto uliingia katika karakana yake, na masanduku ya zana ya mafundi 22 yakateketea. Basi palikuwa na mafundi 22 wenye zana zao, mbali na mwenyewe. Hatuwezi kuamini kwamba bwana aliyeandika hesabu, akachora, na kusafiri hadi Yorkshire kuonana na wateja, aliweza pia kuchonga kila kinubi kwa mkono wake. Mwingine alikata miguu, mwingine alichonga, mwingine alipaka dhahabu, mwingine alijaza singa za farasi. Kiti kilitoka mlangoni kwa jina moja.

Jamaa ya Gillow walitufanyia wema katika jambo hili. Tangu mwaka 1784 waliweka daftari zenye picha ya kila chombo, bei ya mbao, gundi na misumari, na mara nyingi jina la fundi aliyefanya kazi na ujira wake. Daftari hizo zimehifadhiwa London, na kwa ajili yake mafundi wa Lancaster ambao wangalisahauliwa kabisa wanaitwa kwa majina yao mpaka leo. Lakini hakuna daftari ya namna hiyo iliyowataja watumwa wa Jamaika waliokata mahogani msituni na kuikokota hadi pwani. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na kwa watu hao neno hilo limetimia kwa ukali.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi na wasomaji, kazi ya kutafuta jina la fundi ina faida mbili. Humzuia mwenye mali asitudanganye kwa jina kubwa, na humrudishia mfanya kazi haki yake kadiri ushahidi unavyoruhusu. Nanyi mnaofanya kazi kwa mikono, au mnaoweka hesabu za wanaofanya kazi, andikeni jina la aliyeifanya, na mwaka, na mahali. Ni maneno matatu tu. Kama maseremala wa London wangaliyaandika, tusingalikuwa na haja ya kupindua viti miguu juu.